Gari la zamani linakula mafuta? Anzia kwenye maji

Julai iliyopita, katika ile baridi ya Arusha inayomfanya mtu avae koti hadi saa tano asubuhi, mwalimu mmoja mstaafu wa Tengeru aliniletea Carina Ti yake. Baada ya shikamoo na marahaba alinikabidhi funguo pamoja na daftari la matumizi. Ndani ya miezi minne alikuwa amenunua plagi, ea klina na pampu ya petroli, nozeli zimesafishwa mara mbili, na gari bado lilikuwa linabugia kama lori. Sikufungua boneti. Niliwasha, tukaenda hadi Usa River na kurudi, macho yangu yakiwa kwenye mshale wa joto. Haukufika hata robo.

"Mwalimu, gari hili limewahi kuchemsha?"

"Lilichemsha mwaka juzi tukipanda Marangu msibani. Fundi wa kule akatoa themostati. Tangu hapo halijachemsha tena."

Nikajua pa kuanzia. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na kwa hali ya hewa ya huku injini inaweza kushinda kwenye nyuzi 60 badala ya 85 au 90. Kompyuta ya gari haijui kwamba kuna kitu kimetolewa. Inasikiliza sensa ya joto la maji, na sensa inaiambia kuwa injini bado ni ya baridi, ongeza mafuta. Kwenye gia otomatiki kuna adhabu ya pili: Toyota nyingi za umri ule haziruhusu ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa, iingie mpaka maji yapate moto. Unatembea spidi 80 injini ikilia kama iko gia ya tatu, na kweli iko gia ya tatu.

Kwa hiyo hapa sitenganishi gari linalokula mafuta na gari linalochemsha. Ninawaandikia wenye magari ya petroli ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000: Carina, Corolla 110, RAV4 ya kwanza, Noah ya zamani, Mark II GX100. Namba nitakazotaja ni za Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa mjini. Utahitaji mita ya umeme ya bei nafuu, kipimo cha upepo wa tairi, tochi, sufuria ambayo haitarudi jikoni, na nusu siku isiyo na haraka.

Hatua ya kwanza: pima ulaji kwa lita, acha kupima kwa shilingi

Mteja akiniambia "zamani elfu thelathini ilinifikisha, siku hizi haifiki", namuuliza bei ya lita ilikuwa ngapi siku hizo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya Januari na ya Juni si lita zile zile. Noti haipimi injini.

Fanya hivi. Asubuhi jaza tenki kwenye sheli ya Arusha, na pampu ikijikata yenyewe mara ya kwanza, simama hapo hapo. Usimruhusu kijana wa pampu akuongezee "ifike namba nzima". Andika kilomita. Nenda Moshi, geuza, rudi kwenye sheli ile ile, pampu ile ile, gari likiwa limeelekea upande ule ule, ujaze tena mpaka ijikate. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Gawa kilomita kwa lita ulizojaza.

Kurudi ni lazima. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukifika njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, umeshateremka kama mita 500. Ukipima kwenda tu utafurahi bure. Ukipima kurudi tu utamfukuza fundi asiye na kosa. Mtu wa Moshi afanye vivyo hivyo kwa kuanzia kwake.

Ninaipenda barabara hii kwa sababu inapima vitu vitatu kwa safari moja. Mteremko wa kwenda unapima themostati: mshale ukishuka kadiri unavyoteremka kuanzia Tengeru, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Mlima wa kurudi kutoka KIA kupitia Kikatiti na Usa River unapima rejeta: mshale ukipanda hapo, rejeta haimudu. Na duara zima linapima mafuta. Trafiki na zile kanda za spidi 50 kila kijiji zinasaidia pia, maana zinakulazimisha kwenda mwendo ule ule kila unapopima.

Carina ya mwalimu ilitembea kilomita 163 ikanywa lita 18.1, yaani kilomita 9 kwa lita. Gari la cc 1500 lenye gia otomatiki likipata 11 hadi 13 kwenye njia hii mimi siligusi. Noah ya cc 2000 ikipata 8 hadi 10, mwenye nayo ashukuru.

Kabla hujaendelea, kama gari lina dereva wa kuajiriwa, fanya kipimo hiki ukiwa ndani mwenyewe. Nimewahi kuhangaika na Noah moja wiki nzima, kumbe mafuta yalikuwa yananyonywa kwa mpira usiku. Ugonjwa huo hauna spea.

Hatua ya pili: vitu vya nje

Hapa ni haraka. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla ya kutembea, na ufuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyokuja kutoka Japani huandikwa kwa kilo: 2.1 ni karibu psi 30. Keria ya juu ambayo haijabeba kitu tangu Krismasi, ishushe.

Breki inayoshika ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Tembea kilomita kumi mahali pa wazi, jiachie usimame bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kaliba inayobana pedi za breki imeganda au handibreki haiachii. Njia nyingine ni kupiga jeki tairi moja moja, gia ikiwa huru, na kulizungusha kwa mkono, lakini weka kwanza mawe kwenye tairi zilizobaki chini.

Hatua ya tatu: maji, injini ikiwa baridi kabisa

Kifuniko cha rejeta hufunguliwa asubuhi kabla gari halijawashwa. Likiwa la moto usikiguse, hata kwa kitambaa, hata kama fundi wako anafanya hivyo kila siku. Huku kwetu Arusha maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi 97, kwa sababu ya mwinuko. Yaliyomo ndani ya rejeta yanashikiliwa na mgandamizo wa kifuniko, ndiyo maana yanaweza kufika karibu 115 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unaondoka na yote yanageuka mvuke mara moja, usoni kwako.

Ukishafungua, tazama kwa tochi. Maji yafike juu kabisa. Rangi ya kutu maana yake injini imekunywa maji matupu kwa miaka. Utandu wa mafuta unaong'aa ni dalili mbaya, nitaurudia. Kisha kifuniko chenyewe: mpira wake uwe laini na mzima, springi ikubali kusukumwa, na ile valvu ndogo ya katikati iinuke ukiivuta kwa kucha na irudi yenyewe. Kwenye bati lake pameandikwa 0.9 au 1.1, ukinunua kingine chukua namba ile ile. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, na kikishindwa kushika mgandamizo gari litachemsha huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Hiyo valvu ndogo ikiganda, utaona mpira wa rejeta umebonyea kama chupa tupu gari linapopoa, na maji ya chupa ya akiba hayapungui kamwe.

Laza boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku. Asubuhi litakuonyesha tone limeanguka wapi. Tone la upande wa mkanda, penye pampu ya maji, mara nyingi ni pampu yenyewe: chini yake kuna tundu dogo, na likianza kulia machozi sili ya ndani imekwisha.

Hatua ya nne: washa utazame joto linavyopanda

Funga kifuniko, washa, uache injini ilie taratibu. Mikono na ncha za kanga au tai vikae mbali na feni. Ya umeme huanza bila kubisha hodi. Themostati ikiwa nzima, rejeta inabaki ya baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, kisha ghafla mpira wa chini unapata joto. Kama rejeta nzima inapata uvuguvugu polepole tangu dakika za kwanza, ndani hamna themostati au iko wazi muda wote. Kama mshale unapita nusu na kuendelea juu huku mpira wa chini ukiwa bado wa baridi, themostati imekwama ikiwa imefungwa. Zima.

Ukiwa barabarani, mshale ufike mahali pake pa kawaida, chini kidogo ya nusu kwa Toyota, ndani ya kama dakika kumi hata mwezi wa saba. Ukitulia hapo na usisogee kwa mteremko wala mlima, uko salama kwa upande huu.

Hatua ya tano: themostati kwenye sufuria

Ukiitoa, soma namba iliyogongwa kwenye bati. Nyingi za Toyota ni 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uweke jikoni. Ikiwa baridi iwe imefungwa kabisa. Ukiiinua kwenye mwanga usione mwanya. Ikifika kati ya nyuzi 80 na 84 inaanza kufunguka taratibu, kama mdomo wa samaki, na ikifika 95 uwazi uwe milimita 8 au zaidi. Ukiitoa nje inajifunga tena ndani ya dakika chache.

Hapa mafundi wengi wa kwetu hukosea bila kujua. Maji ya Arusha hayapiti nyuzi 95 hata ukichochea kuni namna gani. Themostati ya 82 itafunguka karibu yote kwenye sufuria yako. Ya 88 haitafunguka kikamilifu, kwa sababu inahitaji karibu nyuzi 100, nayo inatupwa ikiwa nzima kabisa. Ukiwa na ya 88, ridhika kuona imeanza kufunguka maji yakikaribia kuchemka.

Wakati wa kuirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae upande wa juu. Ndicho kinachopitisha hewa. Mpira wake wa kuzunguka uwe mpya.

Na kwa wale wanaosema "huku ni joto, themostati haina kazi": injini nyingi za Toyota zina themostati yenye kisahani cha pili chini. Injini ikiwa ya moto, kisahani hicho huziba njia ya mkato ambayo maji hupita yakirudi kwenye injini bila kwenda kwenye rejeta. Ukitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto haioni rejeta kabisa. Kwa hiyo gari linaweza kuwa la baridi mno Arusha mjini, na likachemsha zaidi likipewa mlima wa kweli. Nimeliona hilo kwenye Corolla iliyokuwa inapanda geti la Marangu, zaidi ya mita 1,800, ikiwa na watu watano na mizigo. Mwenyewe aliapa kwamba haiwezekani, themostati aliitoa kwa mkono wake.

Hatua ya sita: sensa mbili, usizichanganye

Themostati ni nzima, mshale uko mahali pake, na mafuta bado yanakwisha. Jua kwamba mshale una sensa yake, kwa kawaida yenye waya mmoja, na kompyuta ina yake, yenye waya mbili. Mshale unaweza kusema kweli huku kompyuta ikidanganywa.

Chomoa soketi ya ile yenye waya mbili na upime ukinzani kwenye pini zake. Kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kiloomu 2 na 3. Injini ikiwa ya moto, nyuzi 80, iwe kati ya 0.2 na 0.4. Asubuhi ya baridi namba itakuwa juu zaidi, hilo ni sawa. Ikibaki juu wakati injini ni ya moto, umempata mwizi. Safisha na soketi yenyewe. Ukungu wa kijani kwenye pini unatosha kuharibu kipimo.

Magari ya kabla ya kama mwaka 2000 yana kisanduku chenye maandishi DIAGNOSIS chini ya boneti. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, weka swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni. Kupepesa mfululizo bila kusita ni kusema hakuna hitilafu iliyoandikwa. Hakikisha umeshika TE1 na E1 na si matundu mengine. Ukikosea unaweza kuunguza kitu. Magari ya baadaye yana soketi chini ya usukani, na kifaa kidogo cha bluetooth kitakuonyesha joto la maji kwenye simu. Ukiwa nacho huhitaji kubishana na mtu: acha abiria aisome simu wakati unateremka kuelekea Boma Ng'ombe.

Hatua ya saba: kama linachemsha, linachemsha wapi?

Swali hili linaokoa pesa kuliko kifaa chochote. Likichemsha kwenye foleni au likisimama, na likitulia ukianza kukimbia, tatizo ni feni. Likiwa zuri mjini na kuchemsha mlimani au ukienda kasi, tazama rejeta na themostati. Likichemsha ghafla tu siku moja bila historia, maji yamevuja. Simama, usiseme "nifike tu Kikatiti".

Feni ya umeme ianze maji yakipita kama nyuzi 93 na izime yakirudi 83. Swichi yake kwenye Toyota nyingi za zamani imetengenezwa kinyume na vile mtu angedhani: ukichomoa waya wake huku umeweka swichi ya gari, feni inatakiwa kuzunguka. Ikizunguka, mota na rilei ni nzima, badilisha swichi. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, kisha mota. Usikubali kuungiwa feni moja kwa moja izunguke muda wote. Ni ndugu yake kutoa themostati: inaficha ugonjwa, inaila mota yenyewe, inachosha alteneta, na alteneta inazungushwa kwa petroli. Mark II za GX100 zina feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi ya mafuta. Injini ya moto ikizimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi imekufa.

Rejeta ichunguze kwanza kwa nje. Kati yake na ile ya AC hukusanyika mbegu za nyasi, wadudu na vumbi la Kisongo mpaka hewa haipiti. Safisha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote, na baada ya hapo hamna cha kusafisha. Kwa ndani, gari likiwa limepata moto, zima na upapase uso wa rejeta kwa tahadhari. Sehemu zenye baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Themostati mpya ilipoingia, mshale ulikaa pazuri hadi Moshi, na kwenye kurudi ukaanza kupanda pale pale nilipotarajia, tukipita Maji ya Chai. Rejeta ilikuwa imeziba theluthi nzima upande wa chini. Ndiyo iliyochemsha safari ya msiba, na kutolewa kwa themostati kuliificha kwa zaidi ya mwaka, huku petroli ikilipa. Tulipoifungua ilitoka tope la kutu lenye chembe za njano. Mtu fulani, wakati fulani, alitia bizari kuziba tundu. Wengine hutia majani ya chai au yai. Vitu hivyo vinaziba kweli, ila havichagui vinachoziba.

Sasa turudi kwenye ule utandu wa mafuta. Gasketi ya silinda hedi ikiungua utaona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikishapata moto, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, maji yanapungua bila tone chini, na plagi moja inatoka safi kupita zote kwa sababu inaoshwa na mvuke. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache si kitu, ni baridi. Na ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake: gari la safari fupi fupi za Njiro na sokoni mwezi wa sita huupata bila ugonjwa wowote. Vuta kijiti cha oili. Nayo ikiwa kama uji wa maziwa, hapo usiwashe tena.

Hatua ya nane: ndipo uje kwenye plagi

Maji yakishakaa sawa, fungua plagi zote na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu zote nne ni mafuta mengi: shuku sensa ya oksijeni iliyozeeka au nozeli zinazovuja. Nyeusi moja tu ni plagi au waya wake. Usiku, gizani, fungua boneti injini ikilia. Cheche ndogo za bluu zikitembea juu ya nyaya za plagi, nyaya zimekwisha.

Ea klina ibadilishe kwa ajili ya vumbi, si kwa ajili ya mafuta. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya kisasa yenye kompyuta na kukuta kwamba ea klina chafu inapunguza nguvu, lakini ulaji haubadiliki kwa maana. Kwenye kabureta mambo ni tofauti, na Corolla DX iliyotoka pwani ikiletwa Arusha bila kurekebishwa itakula kwa sababu hewa yetu ni nyepesi.

Hatua ya tisa: kurudisha maji

Tia kulanti nusu kwa nusu na maji. Najua huku hakugandi. Kulanti inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kuchanganyia yawe ya mvua yaliyochujwa au yale ya betri yasiyo na asidi. Ya bomba na visima vya kuzunguka Meru si matupu. Floraidi yake tunaijua kwenye meno yetu.

Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye kamwinuko. Hita ndani weka kwenye joto kabisa. Mimina polepole kifuniko kikiwa wazi, minyaminya mpira wa juu hewa itoke, washa, endelea kuongeza mpaka maji yaache kushuka, kisha funga kabla hayajapanda moto. Hita ikipuliza baridi huku mshale uko katikati, bado kuna hewa ndani.

Mwalimu alirudi barabarani siku ya Jumamosi: kilomita 163, lita 14.3. Nilimwambia afungue kifuniko asubuhi tatu mfululizo, injini ikiwa baridi, na kuangalia chupa ya akiba. Ya kwanza maji yalikuwa yamepungua kikombe kimoja, hewa iliyobaki. Ya pili na ya tatu hayakupungua. Kama kwako ya tatu bado unaongeza, tandika lile boksi chini ya gari.